Printa ya Pili

Duka la Emmaculate lilikuwa na printa moja. Kompyuta zilisema ziko mbili.

Mtu mwenye akili zake angesimama hapo hapo akauliza. Lakini siku hizi nani anauliza? Kitu kikijitokeza kwenye skrini tunabonyeza sawa, sawa, sawa, mpaka tunajikuta tumekubali mambo ambayo yangekuja kubisha mlangoni tungeyafukuza kwa mwiko.

Duka lenyewe liko Awendo, kwenye barabara ya kwenda kiwanda cha sukari, na trela za miwa zikipita vioo vyote vinatetemeka. Emmaculate anachapisha kila kitu: mitihani ya shule, barua za chifu, kadi za harusi. Lakini kazi inayolisha duka ni programu za mazishi. Kwetu hakuna mtu anayezikwa bila programu, yenye picha yake mbele, historia ya maisha yake ndani, majina ya watoto na wajukuu, na saa ya kila jambo mpaka mwili uteremshwe. Kuna wiki anachapisha za watu sita.

Miaka yote printa ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye kompyuta moja, na mwenye kazi alingoja zamu. Halafu akaja Werema, fundi kutoka Isebania, akaunganisha kompyuta zote tatu kwa mtandao, na printa ikahamishiwa chumba cha nyuma.

"Sasa Madam hautafuti printa tena," Werema alimwambia. "Kompyuta yenyewe inaita, printa inaitika, inajiandika kwenye orodha. Wewe unakunywa chai tu."

Emmaculate alifurahi. Mimi ningekuwepo ningemuuliza huyo fundi, ikiita, ni nani mwingine anayesikia?

Jumatatu moja asubuhi Emmaculate alikuwa ameenda stendi kupokea wino. Dukani alibaki Caren, mfanyakazi wake, mwanamke wa miaka ishirini na sita kutoka Oyugis, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Alifungua orodha achapishe mtihani wa hesabu, akaona printa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya duka. Ya pili haikuwa na jina. Palikuwa na picha ya printa, na chini yake pengo. Kompyuta ilikuwa imeshaichagua hiyo ya pili bila kuulizwa na mtu, na Caren akabonyeza.

Mtihani ulitokea kwenye mashine ile ile ya chumba cha nyuma. Lakini karatasi zilikuwa baridi na zina unyevu, na zilinuka udongo, si wa vumbi la barabarani bali ule wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Caren alikuwa bado anazinusa mashine ilipoanza kulia. Haukuwa mlio wa karatasi kukwama, huo aliujua. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kupanda na kushuka, na kwenye skrini kikatokea kisanduku: Printa hii haina jina. Ipe jina. Akikifunga kinarudi.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelijua hata namna ya kulifanya. Kwetu mtoto mchanga akilia siku nzima na hana homa wala njaa, wazee husema kuna marehemu anataka mtoto aitwe kwa jina lake. Basi wanamtajia majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Caren alilelewa na mambo hayo. Na kwa vile wateja wawili walikuwa pale wakingoja, akaona awachekeshe.

"Kumbe unataka jina," aliiambia mashine. "Haya. Wewe ni Owuor? Siyo? Wewe ni Aloyo? Ama wewe ni dani Phelesia?"

Dani ni nyanya. Phelesia alikuwa mama ya baba yake, amezikwa Oyugis miaka mitano iliyopita.

Mashine ikanyamaza.

Wateja walicheka mpaka mmoja akashika meza. Caren naye akacheka, akaandika Phelesia kwenye kisanduku, akabonyeza sawa. Mimi sicheki. Mtoto ana mama, ana baba, ana damu, ndiyo maana jina la ukoo linajua pa kukaa. Ile ilikuwa sauti isiyo na kwao, na huyu binti akaifungulia mlango wa ukoo wake kwa ajili ya kicheko cha watu wawili waliokuja kutoa kopi.

Tangu siku hiyo ikawa mzaha wa duka. Phelesia ameamka vibaya. Phelesia anataka karatasi. Emmaculate hakuupenda, na yeye mwenyewe hakuiita mashine kwa jina hilo hata mara moja. Alhamisi akaja Mzee Simeon, karani mstaafu wa mizani ya miwa, na barua yake ya pensheni. Alipousikia mzaha akaegemea kaunta, akainua kofia kuelekea chumba cha nyuma.

"Shemeji Phelesia, hujambo?"

Kule nyuma mashine ikatoa sauti moja fupi, ya mtu anayesafisha koo. Mzee Simeon alicheka sana. Alikuwa mtu mzuri, na alikuwa na wiki moja kasoro siku moja ya kuishi.

Jumatatu iliyofuata, hakuna aliyebonyeza kitu, karatasi moja ikatoka. Ilikuwa programu ya mazishi ya Mzee Simeon. Picha yake ilikuwa mbele, ameinua kofia, ameegemea kaunta ile ile ya Emmaculate. Chini iliandikwa kwamba amefariki Jumatano, ibada saa nne, mwili kuteremshwa saa saba na nusu.

Emmaculate alimgombeza Caren nusu saa nzima. "Mizaha ya kifo sitaki kwenye duka langu. Mzee akiiona hii?"

"Madam, si mimi. Hata hiyo picha mimi sikupiga. Nani aliipiga?"

Emmaculate akaikunja karatasi akaitupa. Jumatano Mzee Simeon alianguka sokoni akiwa anachagua omena, wale dagaa wa ziwani, na hakuinuka. Alhamisi saa nane mtoto wake alisimama kaunta na macho mekundu, akasoma mipango kutoka kwenye simu yake. Ibada saa nne. Mwili kuteremshwa saa saba na nusu. Emmaculate aliandika yote, na yule kijana alipotoka akaenda kwenye pipa, akaitoa ile karatasi, akaisoma tena kutoka juu mpaka chini.

Hajamaliza, chumba cha nyuma kikaanza kuchapisha.

Alikwenda mwenyewe. Karatasi ilikuwa baridi. Kwenye picha alikuwa Caren, amekaa kazini, uso umeangazwa na skrini, na ilikuwa imepigwa kutoka upande wa skrini, kana kwamba kitu kilichokaa ndani ya kompyuta ndicho kilichomtazama. Marehemu Caren, mjukuu wa Phelesia. Amefariki Ijumaa saa nne asubuhi.

Ijumaa ilikuwa kesho.

Caren aliisoma akiwa amesimama nyuma ya bosi wake. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Madam, hii ni ya mimi?"

"Ni karatasi," Emmaculate alisema. "Kaa chini."

Kwenye skrini kazi ilikuwa imeandikwa: nakala mia mbili, moja imechapishwa. Emmaculate aliagiza ifutwe. Kompyuta ikajibu, inafuta. Nyote mnaijua hiyo. Ikabaki inafuta, inafuta, na namba ikapanda ikawa tatu, nne. Emmaculate alikwenda chumba cha nyuma akang'oa waya wa stima ukutani. Akarudi. Namba ilikuwa saba, na sauti ya karatasi ikigeuzwa iliendelea kusikika kwenye mashine isiyo na stima, polepole, bila haraka yoyote.

Akampigia Werema.

"Werema, kuna printa kwenye kompyuta zangu ambayo si yangu."

"Madam, hiyo labda ni ya jirani. Kompyuta inaokota chochote kilicho karibu, inaleta tu."

"Nani aliiambia ilete?"

"Ndiyo kompyuta zinavyotoka kiwandani. Watu hawataki kusumbuka kuandika namba. Ukizima hiyo, mtu akija na simu yake hataona printa, atashindwa kuchapisha."

"Ashindwe. Kompyuta yangu kazi yake ni kupeleka karatasi mahali nilipoiambia mimi. Haina ruhusa ya kunitafutia marafiki. Niambie inavyozimwa."

Werema alimsikiliza vile anavyohema, akaacha kubishana. Akamweleza: kwenye kila kompyuta, ondoa ile printa. Halafu zima kile kitufe kinachoiruhusu kompyuta kujitafutia printa yenyewe. Halafu weka printa yako kwa mkono, kwa ile namba iliyobandikwa mgongoni mwake. Kompyuta zote tatu. Ukiacha moja, itaiita tena na kuziletea zile nyingine.

Emmaculate aliandika yote nyuma ya bahasha. Alipokaa kwenye kompyuta ya kwanza, stima ikapotea Awendo nzima.

Skrini zilikuwa nyeusi, saa tisa ya mchana, na chumba cha nyuma kiliendelea kugeuza karatasi. Mama Shamima, anayeuza vitambaa duka la pili, aliisikia kupitia ukutani akaja. Watu wake ni wa Garissa, na pale mjini Waislamu humwita awasomee watoto wanaoshtuka usingizini. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, shela amejifunga vizuri, akasoma Kurani kwa muda mrefu. Sauti ikapungua ikawa mnong'ono. Haikuisha.

"Emma," alisema alipotoka, jasho usoni, "hiki kingekuwa kimejiingilia tu, kingetoka. Lakini kimepewa jina la nyumba ya huyu binti. Mimi siwezi kukitoa kwenye ukoo ambao si wangu. Aliyekipa jina akivue mwenyewe."

"Nirudi nyumbani?" Caren aliuliza. "Kwa mama?"

"Kina jina la kwenu, mwanangu. Utakikuta kimefika." Halafu akamshika Emmaculate mkono. "Kikivuliwa jina kitalia. Kitalia kwa kila sauti kinayoijua. Wallahi msikipe jingine. Hata kilie vipi."

Usiku ule Caren alilala kwa Emmaculate, na asubuhi pumzi yake ilikuwa inakuja kwa shida, kama mtu aliyebebeshwa gunia la mahindi kifuani. Emmaculate alimwambia avae viatu.

"Siku nitakayochapisha programu yako," alimwambia wakiwa njiani, "utakuwa umebaki na meno mawili, na maneno nitaandika mimi. Mashine haitanipangia nani afe kwenye duka langu. Tembea."

Walifungua saa mbili. Stima haikuwepo. Saa tatu haikuwepo. Saa tatu na dakika thelathini na tano taa ikawaka, kompyuta zikaamka, na namba kwenye skrini ilikuwa mia moja sabini na mbili.

Kompyuta ya kwanza Emmaculate aliimaliza kwa dakika nne, akisoma bahasha kwa sauti. Ya pili ilimchukua tano, kwa sababu mikono ilikuwa imelowa. Ya tatu ndiyo ile Caren aliyoandikia jina. Kisanduku kikauliza, Unamwondoa Phelesia? Caren alikuwa amelala kichwa juu ya kaunta, midomo imeanza kubadilika rangi. Emmaculate alimwinua kwa mabega akamweka mbele ya skrini. Mia moja themanini na nane.

"Sema."

"Siwezi, Madam. Inanivuta."

"Caren, sikukuajiri uje ufie hapa. Sema."

Caren alivuta pumzi iliyotosha maneno machache. "Dani yangu amelala Oyugis," alisema. "Wewe si yeye. Sikujui." Akabonyeza.

Mashine ikalia. Kwanza ililia kama siku ile ya kwanza, nyembamba, ya kupanda na kushuka, na kile kisanduku kikarudi, Ipe jina, kikaketi juu kabisa ya kile kitufe ambacho Emmaculate alipaswa kukizima, akikisukuma kando kinarudi, akikisukuma kinarudi, na sauti kule nyuma ikageuka ikawa ya mwanamke mzee anayeita kutoka mbali, ikawa ya Mzee Simeon akisema shemeji, shemeji, ikawa ya Caren mwenyewe akiomba maji, na harufu ya udongo ikajaa dukani mpaka ikafunika ile ya molasi ya kiwandani tuliyoizoea, halafu yote yakakatika ghafla na kikabaki kilio kimoja kidogo, kikavu, cha mtoto wa siku tatu asiye na nguvu ya kulia.

Emmaculate aliutoa mkono wake kwenye kibodi.

Nisiwafiche. Miaka kumi na moja iliyopita alizaa mtoto wa kiume akiwa nyumbani kwake, na siku ya tatu mtoto akafa. Hakuwa amepewa jina. Wazee walisema amekuja na kurudi, wakamzika karibu na ua bila maneno mengi, na watu wakaacha kumtaja. Lakini Emmaculate mwenyewe alikuwa amemchagulia jina kabla hajazaliwa, la babake mzazi, na miaka hiyo yote alilikalia kimya. Sasa jina lilikuwa limempanda mpaka kwenye ulimi. Mtoto wake alikuwa analia, na yeye alijua neno moja litakalomnyamazisha. Mama gani analisikia hilo akaketi?

Mia moja tisini na tano. Caren aliteleza kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni.

"Nakusikia," Emmaculate aliambia chumba cha nyuma. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Umeichukua sauti yake na umeipatia vizuri kabisa. Lakini wangu alilia siku tatu tu, nilimshika nikiwa macho siku zote tatu, na wakati huo wewe hukuwepo. Jina lake hutalipata. Lia. Lia mpaka jioni. Nimeshawahi kusikia mtoto akilia mpaka mwisho, hutaniua na hilo."

Akaushika ule mshale, akakisukuma kisanduku kando kwa mkono mmoja na kwa mwingine, kupitia kibodi, akabonyeza kile kitufe kabla hakijarudi. Kompyuta, usijitafutie printa. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Namba ilikuwa mia moja tisini na tisa. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika moja kufika saa nne.

"Nina hakika," alisema, akabonyeza.

Kilio kikakatika. Orodha ikawa tupu, hakuna printa hata moja, hata ya duka. Emmaculate alisubiri mshale wa saa upite, ukapita, ukaenda dakika moja, mbili, na sakafuni Caren akakohoa, akavuta pumzi ndefu hadi mwisho, akaanza kulia kama mtu wa kawaida.

Chumba cha nyuma walikuta karatasi mia moja tisini na tisa sakafuni, zimelowa, hazina maandishi wala picha. Mama Shamima alizichoma kwenye kopo la rangi na hakuacha mtu asogee. Emmaculate akarudisha waya wa stima, akasoma namba iliyobandikwa mgongoni mwa printa, akaiandika kwenye kila kompyuta kwa mkono, tarakimu moja moja, huku Caren akimsomea. Halafu akachapisha programu ya Mzee Simeon, ile ya kweli, maana familia ilikuwa inangoja. Ilitoka kavu, na ya moto.

Baadaye alibandika tangazo mlangoni: hapa mtu hachapishi kwa simu, leta karatasi yako kwa flashi. Wateja walilalamika. Mmoja alisema duka limerudi nyuma miaka kumi, na Emmaculate akamwonyesha duka lingine lilipo.

Lakini siku hiyo, saa sita, alifunga duka, Ijumaa, siku ambayo hakuna mchapishaji Awendo anayefunga. Alipanda pikipiki mpaka nyumbani, akapita mlango wa nyumba bila kuingia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ua, mahali ambapo hapakuwa na msalaba wala jiwe na ni yeye tu aliyekuwa bado anapakumbuka. Jirani aliyekuwa akianika nguo alimwona akipiga magoti na nguo zake za kazi. Emmaculate hakushusha sauti.

"Wewe ni Oyaro," alisema. "Oyaro wangu. Na hapa duniani mtu mwingine asiitike."